Tone la Mwisho

Ndugu msikilizaji, leo nataka tuzungumze juu ya tone moja. Si tone la mvua wala la dawa. Ni lile tone ambalo, ukishamaliza kumimina kinywaji na kuinua chupa, linakataa kuingia kwenye glasi na linakataa pia kurudi chupani. Linabaki mdomoni, linasitasita kidogo, kisha linateremka shingoni, linapita tumboni mwa chupa, na mwisho linaishia kwenye kitambaa cha meza. Kila aliyewahi kumimina chai, mafuta, asali au mvinyo analijua.

Najua wapo watakaouliza: nchi ina mambo makubwa, huyu bwana anatuletea habari za tone? Nawaomba subira. Nami nilikuwa nikifikiri hivyo hivyo, mpaka tone hilo lilipoingia mfukoni mwangu.

Nilipokuwa kijana nilifanya kazi ya kuhudumu mezani katika hoteli moja ambayo sina haja ya kuitaja. Jioni moja palikuwa na karamu ya wakubwa. Vitambaa vyote vilikuwa vyeupe, vimepigwa pasi vikanyooka kama karatasi. Nikapewa chupa ya mvinyo mwekundu, nikamimina kwa uangalifu wote niliokuwa nao. Tone likateremka, likachora duara jekundu mezani. Mgeni hakusema neno. Msimamizi wangu ndiye aliyesema, na mwisho wa mwezi bahasha ya mshahara nayo ikasema. Nilikatwa fedha za kitambaa.

Nikaenda kulalamika kwa dobi wa hoteli, mzee wa makamo aliyekuwa amefua vitambaa vile kwa miaka mingi. Akanisikiliza huku akisugua. Kisha akaniambia: "Mwanangu, usijilaumu. Wahudumu wamekuja na kuondoka, mimi nipo. Doa ni lile lile, na mahali ni pale pale, chini ya chupa. Lingekuwa kosa la mkono, doa lingehamahama. Kosa ni la chupa."

Wakati ule nilidhani ananituliza tu. Baadaye, nilipoanza kusoma habari za vyombo na historia yake, nikagundua kwamba yule mzee alikuwa amesema jambo ambalo wanasayansi walikuja kulithibitisha kwa hesabu ndefu. Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya leo.

Hebu turudi nyuma kidogo. Wagiriki wa kale walihifadhi mvinyo na mafuta katika mitungi mikubwa ya udongo yenye mikono miwili. Lakini hawakumimina mezani kwa mtungi ule. Walikuwa na jagi maalumu la kumiminia, na katika majumba ya makumbusho ya Ulaya yapo mengi hadi leo. Yatazame midomo yake: imebonyezwa pande mbili wakati udongo ukiwa bado laini, ikawa kama jani lenye sehemu tatu. Sehemu ya mbele inachongoka kama mdomo wa ndege. Mfinyanzi wa zamani zile alijua kuwa chombo cha kuhifadhia ni kimoja na chombo cha kumiminia ni kingine.

Wala hatuna haja ya kwenda Ugiriki. Hapa pwani yetu, mtazame muuza kahawa akiwa na dele lake. Mdomo wa dele umepinda na kuchongoka kama mdomo wa tai. Anamimina kahawa ndani ya kikombe kidogo kabisa, anainua mkono kwa ghafla, na kahawa inakatika kama iliyokatwa kwa kisu. Umbo hilo lilitujia na biashara ya bahari kutoka Uarabuni, na limebaki kwa sababu linafanya kazi.

Basi ikiwa watu wa kale walijua hivyo, chupa ilipotea njia wapi?

Jibu lipo Uingereza, katika karne ya 17. Mwaka 1615 Mfalme James wa Kwanza alipiga marufuku kutumia kuni katika tanuru za kioo, kwa kuwa misitu ilitakiwa kwa mbao za kujengea merikebu. Wafua kioo wakalazimika kutumia makaa ya mawe. Makaa hayo yalitoa moto mkali kuliko kuni, na kioo kikatoka kizito, cheusi na kigumu. Katika miaka ya 1630, Sir Kenelm Digby, mtu wa makuu na vituko vingi, ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa aliendeleza chupa nene ya aina hiyo. Kabla ya hapo, chupa za kioo zilikuwa laini na za kuvunjika ovyo. Sasa ilipatikana chupa inayoweza kuhimili safari, na kuhimili kizibo kilichosukumwa kwa nguvu.

Chupa hizo hazikuuzwa na mvinyo ndani kama tulivyozoea. Mwenye uwezo alikuwa na chupa zake mwenyewe, akazipeleka kwa mfanyabiashara zikajazwe kutoka kwenye pipa. Samuel Pepys, mtumishi wa serikali aliyeandika shajara mashuhuri jijini London, anaeleza mwaka 1663 jinsi alivyokwenda kushuhudia chupa zake mpya, zenye nembo yake, zikitiwa mvinyo. Chupa ilikuwa mali ya kujivunia.

Sasa angalia mdomo wa chupa ile. Chini kidogo ya ukingo palizungushiwa pete ya kioo. Pete hiyo haikuwekwa ili kusaidia kumimina. Iliwekwa ili kizibo kifungwe kwa kamba kisifyatuke. Mdomo mzima ulitengenezwa kwa kumfikiria kizibo, si glasi. Ukingo ukawa mnene na wa mviringo ili usipasuke wakati wa kuzibwa. Na ukingo mnene wa mviringo, kama tutakavyoona, ndio kitanda cha tone.

Kwa muda mrefu jambo hilo halikuwasumbua wenye nyumba, kwa kuwa chupa haikufika mezani. Mtumishi aliifungulia pembeni, akamimina mvinyo taratibu ndani ya jagi zuri la kioo ili masimbi yabaki chini, kisha jagi ndilo likapelekwa kwa wageni. Katika karne ya 18 kukazuka pia visahani vya fedha vya kuwekea chupa na majagi, ili meza isipate duara la unyevu. Tazama suluhisho hilo: tone halikuzuiwa, lilitafutiwa tu mahali pa kuangukia. Na kisahani kile alikisafisha nani? Mtumishi yule yule.

Hapa ndipo ninapoona funzo la kwanza la historia hii. Mwaka 1795 kasisi mmoja wa Uingereza, Samuel Henshall, alipata hataza ya kizibuo, yaani kile chombo cha kuzungusha kwa ajili ya kuzibulia chupa. Baada yake, karne nzima ya 19, wavumbuzi walishindana kutengeneza vizibuo vya kila namna: vya mkono mmoja, vya mikono miwili, vya meno, vya springi. Mwaka 1821 Henry Ricketts wa Bristol akapata hataza ya kutengeneza chupa ndani ya kalibu ili zote zilingane. Mwanzoni mwa karne ya 20 Michael Owens wa Marekani akaleta mashine iliyofyatua chupa zenyewe bila mtu kupuliza kwa mdomo.

Akili yote hiyo ilimwagwa katika kuifungua chupa, kuilinganisha na kuizalisha kwa wingi. Kwa nini? Kwa sababu kizibo kinachogoma kinamkera mwenye kiu. Tone linaloteremka linamkera dobi. Na mwenye kiu ndiye aliyekuwa na fedha ya kulipia uvumbuzi.

Naam, zilikuwako tiba ndogo ndogo. Mhudumu alifundishwa kuizungusha chupa kidogo mwishoni mwa kumimina, kama anayefunga bomba. Alifundishwa kushika kitambaa mkono wa pili na kuifuta shingo. Baadaye zikaja pete za chuma zenye kitambaa ndani, za kuvalisha shingo ya chupa kama kola. Lakini pete ile inalipokea tone, hailizuii, na pete yenyewe inahitaji kufuliwa. Tiba zote hizo ziliegemea mkono wa mhudumu. Likianguka tone, mkono ndio ulioshitakiwa.

Wanasayansi walichelewa kufika, na walipofika hawakuanza na chupa ya mvinyo. Walianza na buli la chai. Mwaka 1956 Markus Reiner, mtaalamu wa sayansi ya mtiririko wa vitu aliyefundisha huko Haifa, aliandika makala juu ya tabia ya chai kugeuka chini ya mdomo wa buli na kuteremka kwa nje badala ya kwenda kikombeni. Mwaka uliofuata, 1957, mwanahisabati wa Marekani Joseph Keller akalipa jambo hilo hesabu yake. Alionyesha kwamba chai inapoukunja ukingo wa buli, mgandamizo ndani yake upande wa ukingoni unapungua kuliko ule wa hewa ya nje. Hewa basi inaisukuma chai iegemee kwenye buli.

Kazi hiyo iliendelea kwa miaka mingi. Keller na mwenzake Jean-Marc Vanden-Broeck walipewa tuzo ya mzaha iitwayo Ig Nobel ya mwaka 1999, inayotolewa kwa utafiti unaomfanya mtu acheke kwanza na kufikiri baadaye. Watu walicheka. Lakini mwaka 2010 wanasayansi wa Ufaransa walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba hali ya uso wa chombo nayo ina neno: chombo kinachopenda maji hulivuta tone, na chombo kilichopakwa kitu kinachokataa maji huliachia. Na mwaka 2021 watafiti wa Vienna na London wakaeleza kwa ukamilifu zaidi kwamba, chini ya ukingo wenyewe, hutokea tone dogo linalobaki pale daima. Ukimimina kwa kasi, mtiririko unaruka na kuliacha. Ukimimina polepole, tone hilo linatosha kuugeuza mtiririko mzima uizunguke kona na kuteremka kwa nje.

Nitoe mfano wa nyumbani. Ukingo wa chupa ni kama kona ya barabara. Gari linalokwenda kasi haliwezi kukunja kona kali, litatoka nje ya barabara. Lakini likienda taratibu, na kona yenyewe ikiwa pana, linageuka bila taabu. Maji nayo ni hivyo. Kona pana ya kioo kinachopenda maji, pamoja na mwendo wa taratibu, ndiyo njia ya tone kwenda kwenye kitambaa. Ndiyo maana tone huanguka hasa mwishoni, unapopunguza mwendo ili kuacha. Na ndiyo maana mhudumu mwangalifu, anayemimina polepole kwa heshima, huenda akadondosha zaidi kuliko mlevi anayemimina kwa pupa! Uangalifu wangu wa jioni ile ndio ulionikatisha mshahara.

Ukishalijua hilo, dawa yake inakuwa nyepesi mno. Ifanye kona iwe kali. Na hapa ndipo kinapoingia kifaa ninachotaka kukitaja leo.

Ni kipande cha duara cha plastiki nyembamba inayong'aa kama fedha, kinachoenea kiganjani. Kilitokea Denmark na kujulikana kwa jina la DropStop, na baadaye vikaja vingi vya kufanana nacho. Hakina springi, hakina skrubu, hakina kitu cha kuharibika. Unakikunja kama mtu anayesokota karatasi ya kuwekea karanga, unakichomeka kwenye mdomo wa chupa, na chenyewe kinajitanua na kuubana mdomo kwa ndani. Sehemu inayobaki nje inakuwa mdomo mpya wa kumiminia. Ukimaliza unakitoa, unakisuuza, kinarudi kuwa bapa, unakiweka droo.

Siri yake yote ni wembamba. Ukingo wa chupa una unene wa milimita kadhaa, umeviringana, na unapenda maji. Ukingo wa plastiki ile ni mwembamba kama karatasi. Mvinyo ukifika pale haupati kona ya kukunja. Unapoinua chupa, mtiririko unakatika papo hapo: kilichotoka kimetoka, na kilichobaki kinarudi ndani. Ni kazi ile ile ya mdomo wa dele, na ya lile jagi la Kigiriki, ila imefanywa kwa plastiki.

Mtu atasema, ikiwa ni rahisi hivyo, mbona hakikuvumbuliwa mapema? Sababu moja ni malighafi. Plastiki nyembamba, ngumu, inayokunjika na kurudi katika umbo lake, haikuwa bidhaa ya kawaida kabla ya katikati ya karne ya 20. Lakini sababu hiyo haitoshi. Bati jembamba lilikuwako. Wafua fedha hodari walikuwako, wale wale waliotengeneza visahani vya kupokelea tone. Kilichokosekana ni mtu mwenye uwezo kuamua kwamba tone ni kosa la chombo, si la mtumishi.

Hadithi haikuishia hapo. Huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha Brandeis, mwanafizikia wa viumbe aitwaye Daniel Perlman alijiuliza swali lenye maana: kwa nini mnunuzi alazimike kununua kifaa cha pili ili kurekebisha kasoro ya kifaa cha kwanza? Kwa nini chupa yenyewe isirekebishwe? Alipiga picha za sinema za mvinyo ukimiminwa, akazitazama kwa mwendo wa polepole. Aliona kwamba tone hutokea zaidi chupa inapokuwa imejaa au karibu kujaa, na kwamba mvinyo huambaa ukingoni kwa sababu kioo kinapenda maji. Kisha, kwa chombo chenye almasi, akachonga mfereji mdogo kuizunguka shingo ya chupa, chini tu ya ukingo. Upana wa milimita 2, kina cha milimita 1. Basi. Tone likifika kwenye mfereji huo linashindwa kuuvuka, linaanguka ndani ya glasi. Mwaka 2017 chuo chake kilitangaza matokeo hayo.

Zaidi ya miaka 350 tangu enzi za Digby, na dawa ilikuwa mfereji wa milimita 2! Hata hivyo, nenda dukani leo ukatazame. Chupa nyingi za mvinyo bado zina mdomo ule ule wa kizibo, hata zile ambazo siku hizi hazifungwi kwa kizibo bali kwa kifuniko cha kuzungusha. Viwanda vimezoea kalibu zao. Mwenye kiwanda halioni doa, kwa sababu yeye hafui.

Linganisha na chupa ya mafuta ya kupikia. Ifungue uichungulie. Nyingi zina kipete cha plastiki mdomoni chenye ukingo mwembamba uliochomoza. Hicho ni ndugu wa kile kiduara cha Denmark. Mafuta yakichuruzika, chupa inateleza mkononi, lebo inachafuka, mnunuzi anahamia kwa jirani. Muuza mafuta alisikia lawama mapema kwa sababu anayemimina mafuta na anayeyanunua mara nyingi ni mtu mmoja. Muuza mvinyo hakusikia, kwa sababu aliyenunua na aliyefua walikuwa watu wawili tofauti.

Sisi Tanzania tunalima zabibu Dodoma, na hali ya hewa ya kule inatuwezesha kuvuna mara mbili kwa mwaka. Mvinyo wake unatiwa katika chupa za umbo lile lile lililozaliwa katika tanuru za makaa ya mawe za Uingereza. Sisemi kwamba tuache kila kitu tukachonge mifereji. Nasema tu kwamba kasoro ya chupa haikuandikwa mbinguni. Imewekwa na watu, na watu wanaweza kuiondoa.

Na jambo hili linapita chupa. Katika karakana, katika ofisi, katika zahanati, liko tone la namna hiyo: kosa dogo linalorudiwa na kila anayeshika kazi ile, mahali pale pale. Desturi yetu ni kumwita aliye zamu, kumkaripia na kumkata. Kesho anakuja mwingine, na doa linarudi. Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali. Nami naongeza kwamba kata kata ya mishahara haijawahi kuziba buyu linalovuja.

Kipimo cha yule mzee dobi kinatosha. Ukiona kosa linahamahama, mtazame mtu. Ukiona watu wanabadilika na kosa halisogei, kitazame chombo. Hakusoma Reiner wala Keller. Alisoma vitambaa, siku baada ya siku, kwa miaka mingi, wala hakuna aliyemuuliza ameona nini.

Miaka kadhaa baada ya kuacha kazi ile, nilikipata kimoja cha viduara vile, zawadi kutoka kwa rafiki aliyesafiri. Nilikijaribu kwa chupa ya sharubati ya ukwaju, nikamimina polepole kabisa, polepole kama jioni ile. Nikainua chupa. Hakikudondoka kitu. Nikageuza macho kutafuta wa kumwonyesha, na mtu niliyemtaka alikuwa hayupo tena duniani.

Ndugu msikilizaji, kwa leo naishia hapa. Ukimimina chai jioni hii na tone likateremka, usimgombeze mtoto. Litazame birika kwanza. Tukijaliwa, tukutane wiki ijayo.